Svetozar Aliyekuja Kuiba Kivuli

Svetozar Pantelić alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na soli iliyokwisha kuachana na kiatu. Asubuhi ile ya Februari, theluji ya mji wa Niš, Serbia, ikiwa imegeuka tope, alisimama kwenye foleni ya bureki, zile sambusa kubwa za jibini, akamsikia Dunja akimwambia mwokaji:

"Kompyuta yangu mpya, shangazi, usiombe! Hata ule mchezo wa Kivuli inaucheza."

Masikio ya Svetozar yakasimama. Kompyuta ya namna hiyo angeiuza kabla bureki haijapoa.

"Samahani, dada. Umesema Kivuli? Mimi ni mmoja wa wanaoutengeneza."

Dunja akamtazama. Sisi majirani tungeweza kumtahadharisha maskini yule: Kivuli ulikuwa unatengenezwa na Dunja mwenyewe, chumbani kwake, na kazi yake yote imo ndani ya kompyuta hiyohiyo. Jumatatu alitakiwa kuuonyesha kwa wanunuzi Belgrade, na usingizi ulikuwa umemkimbia. Rafiki zake waliojaribu kuucheza walisema mji wa mwaka 2090 unapendeza, ila mwizi anayeendeshwa na mchezaji ni bubu. Anajificha, ananyata, anajificha tena. Mmoja wao alisinzia vidole vikiwa bado kwenye vitufe.

Uongo ule ulimchekesha Dunja, na aliona jinsi Svetozar anavyoutazama mtindi bila kuuagiza, akamlipia. "Karibu nyumbani, kaka. Uje utueleze vizuri."

Mlangoni Bibi Desanka, nyanya yake Dunja, alimpa makubadhi ya sufi ya kuvaa ndani, na Svetozar akavua viatu vyake, kama mtu aliyelelewa. Akaletewa kijiko cha jamu ya waridi na glasi ya maji, kisha supu ya kuku.

"Mashine hii," alisema kwa sauti ya daktari bingwa, "lazima niipeleke ofisini, siku moja tu. Mchezo bado ni siri, hauwekwi majumbani."

"Sawa," Dunja akasema, akiiwasha simu yake inase sauti na kuilaza kando ya mkate. "Ila nidokeze kwanza. Huyo mwizi anawapitaje walinzi wa chuma? Juu ya dari?"

"Dari! Dada, dari ni la popo. Mwizi mwenye akili anabeba ngazi. Mwenye ngazi hafukuzwi, anashikiwa mlango. Halafu anamgombeza mlinzi: 'We! Nani kakuweka hapa penye unyevu, upate kutu? Sogea juani!'"

Bibi Desanka alicheka hadi akafuta macho. "Na akikataa kusogea?"

"Anaulizwa hali ya mama yake, bibi."

"Wa chuma ana mama?"

"Hana. Ndiyo maana analia. Akiinama kulia, mwizi huyo kapita!"

Bibi na mjukuu wakaenda jikoni kupakua. Hapo Svetozar akaikumbatia kompyuta, akanyata hadi mlangoni, kimya kama paka aliyeona samaki. Akainama kutafuta viatu.

Havikuwepo.

"Mwanangu," Bibi Desanka alikuwa nyuma yake na upawa mkononi, "viatu vyako vimelowa chapachapa. Nimevishusha kwa Tihomir, fundi viatu wa ghorofa ya chini, akushonee ile soli. Mbona umebeba mashine?"

Nyuma ya bibi, Dunja alikuwa ameikodolea macho kompyuta yake.

"Napima uzito, bibi."

"Nzito?"

"Wastani."

"Basi irudishe taratibu, chakula kinapoa."

Akairudisha. Angekwenda wapi na makubadhi kwenye tope lile? Naye Tihomir, Mungu ambariki, hajawahi kuharakisha sindano. Svetozar akala kabichi ya kujaza nyama, akaongezewa, akaendelea kusema. Mara mwizi wake alijifanya mkaguzi wa maji, mara mjane wa jenerali, mara kasisi aliyepotea njia. Dunja alikuwa anauliza tu, na simu inasikiliza.

Jioni viatu vilipanda vimeng'arishwa. Bibi akamfungia na chupa ya ajvar, rojo la pilipili hoho za kuchoma. Svetozar akateremka akitabasamu: kashiba bure, kashonewa bure, na wajinga wale hata hawakumshuku!

Jumatatu, wanunuzi wa Belgrade walikaa wakipiga miayo, mpaka mwizi wa Kivuli alipofungua kinywa, kwa sauti ileile iliyonaswa kando ya mkate. Siku hiyohiyo wakaandika walivyouona: giza limezidi, mwendo ni wa kobe, na madaraja mengine ya mji ule yanaishia hewani, hayana upande wa pili. Lakini mwongo huyu, waliandika, tungempa funguo za nyumba zetu.

"Mwigizaji wa namna hii mmemtoa wapi?" wakamuuliza Dunja.

"Ni mgeni wa bibi," alisema. "Alikuja kunywa supu."