Damu ya Kakao

Jumatatu, 10 Juni

Filamu yangu imekataliwa! Siyo yote. Ni pambano la mwisho tu, pale shemeji yangu anapomtwanga adui mpaka sakafu inalowa. Mama Mkaguzi wa Bodi ya Filamu anasema damu imezidi na wekundu wake unaumiza macho. Atanipa muhuri wa "watu wazima tu". Nikibadilisha kitu nimrudishie Alhamisi.

Watu wazima nitawaonyeshea wapi? Ukumbi pekee uliokubali filamu yangu ni wa shule, na mwalimu mkuu hapokei filamu isiyo na muhuri wa "ruhusa kwa wote". Maonyesho ni Jumamosi hii.

Na kuna yale makubaliano na mke wangu. Filamu ikionyeshwa Jumamosi, mwanzo mpaka mwisho, nabaki na kamera yangu. Ikikwama, Jumatatu naanza kazi kwa baba yake. Baba mkwe ni fundi majeneza. Mtu mwema, lakini tayari ameniletea aproni. Ya kijani, ina mfuko mkubwa mbele. Mke wangu ameitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Kila nikijigeuza kitandani inanitazama.

Saa nne nilipata wazo. Nitatoa rangi! Pambano lote liwe nyeusi na nyeupe. Damu isiyo nyekundu ni maji tu, na maji hayajawahi kumtisha mtoto.

Jioni nikamweleza shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi cherehani. Ndiye anayeshona vitambaa vya ndani vya majeneza ya baba yake, na ndiye stering, yaani shujaa, wa filamu yangu. Alikuja juu. Lile shati jekundu la pambano alilishona kwa mkono wake, vifungo vyote. Akauliza stering wa kijivu ni stering gani. Tena ameshawaalika wazazi wa binti anayetaka kumposa. Anataka waone kwa macho yao kwamba mtoto wao anakwenda kwa mwanamume.

Sikulala.

Jumanne, 11 Juni

Nimetoa rangi. Dirisha lilikuwa wazi, kosa langu, maana Kamera Tatu alichungulia. Huyu ni mpinzani wangu wa ng'ambo ya barabara. Anaitwa hivyo kwa sababu ana kamera tatu, ingawa mbili ni mbovu. Alitazama kioo cha kompyuta, akavua kofia, akanipa pole ya msiba. Eti alidhani nyeusi na nyeupe ni kwa picha za marehemu tu.

Nilimjibu vikali sana. Alikuwa ameshaondoka.

Shida ni kwamba ana hoja. Damu yangu ilikuwa sharubati nyekundu. Bila rangi imekuwa kijivu hafifu. Shemeji anaonekana kama mtu aliyemwagiwa maji ya kuoshea vyombo, naye adui anaonekana kama aliyemwaga. Kwa Bodi ni salama kabisa. Mtu mwingine angefunga kompyuta akaenda kulala.

Mimi nikaenda kunywa kakao ya moto kutuliza roho. Kikombe kikateleza, kakao ikamwagika kifuani. Nikajitazama kwenye kioo. Nikajipiga picha kwa simu. Nikatoa rangi.

Damu! Damu nzito, nyeusi, ya mtu aliyepigwa akapigika! Nikapiga makofi peke yangu.

Hapo nikaona njia. Bodi inaogopa wekundu. Wekundu haupo. Watazamaji wanataka damu. Damu ipo. Mke wangu huoka keki za oda, na jikoni kuna kopo la kakao lenye mfuniko wa njano, jipya, kwa ajili ya keki ya harusi. Nitachota kidogo tu.

Jumatano, 12 Juni

Nimetumia kopo zima.

Tulirudia pambano nyuma ya bucha. Adui wangu ni muuza nyama, tunamwita Bucha. Mwili wa mlango, moyo wa kifaranga. Aliuliza kwa nini tuhangaike na kakao wakati yeye anashinda kwenye damu kutwa. Nikamwambia hii ni sanaa ya nyeusi na nyeupe, ina dawa zake. Akauliza kama inarambika. Nikamkataza. Akaramba.

Niliichanganya na unga na sukari ili ishike. Kumbe sukari haikuwa wazo zuri. Mara ya kwanza shemeji alipoanguka, nyuki mmoja. Mara ya pili, ukoo mzima! Bucha alikimbia akiwa amemshika shemeji ukosi, shemeji akilia jina la mama yake. Nami nilikimbia, lakini kinyumenyume, kamera mbele. Sijawahi kupata woga wa kweli namna ile kwa mwigizaji yeyote. Bucha aliumwa kwenye kope, jicho likavimba likaziba. Vipodozi gani vingenipa jicho kama lile?

Mchana nikaunganisha, nikatoa rangi, nikamwita shemeji. Tulitazama mpaka mwisho. Nywele zilinisimama. Shemeji aliyekuwa hataki kusikia habari ya kijivu alitokwa na machozi. Akasema sasa ndiyo anafanana na mwanamume. Akampigia simu mchumba wake hapo hapo, akamwambia wazazi wake wakae viti vya mbele.

Usiku mke wangu aliuliza kopo lake liko wapi. Nikamwambia sijaliona. Nimelisahau kule nyuma ya bucha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nahitaji inifikishe Jumamosi tu.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya kuzeeka.

Nilifika Bodi mapema. Mama Mkaguzi akavaa miwani. Nikampangia maneno mazuri kuhusu wekundu ulioondoka, akaninyamazisha kwa kidole.

Pambano likaanza. Hakusogea. Lilipofika mahali shemeji anapolia, alivua miwani akaishika mapajani. Lilipokwisha alikaa akitazama ukuta.

Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba mara ya kwanza aliona sharubati nyekundu na alijua ni sharubati. Leo ameona damu. Rangi ameitia mwenyewe, kichwani mwake, na hawezi kuitoa. Akaniuliza kama yule kijana yuko hospitali. Akasema filamu hii haipati muhuri wowote, na kuhusu lile jicho la yule baba, anafikiria kuita polisi.

Aproni ilinijia machoni. Niliisikia hata harufu ya misumari.

Nikapiga kelele kwamba ni kakao! Wallahi ni kakao, mama, na jicho ni nyuki! Hakuamini. Nikabonyeza kompyuta, nikarudisha rangi, nikaanzisha pambano upya.

Wanaume wazima wawili wenye kakao mpaka masikioni. Mmoja anampiga mwenzake ngumi kisha anaramba vidole. Mama Mkaguzi alijizuia kidogo. Nyuki walipoingia, alishindwa. Alicheka akapiga meza, akacheka akaomba maji, akaita wenzake wa chumba cha pili. Akaonyesha kona fulani ya picha, akazidi kucheka. Sikuona alichokuwa akionyesha. Macho yangu yalikuwa kwenye muhuri.

Akaupiga! "Ruhusa kwa wote." Kwa sharti moja: ionyeshwe hivi hivi, kwa rangi, bila kuguswa. Akasema ni vichekesho bora kuliko vyote alivyoona mwaka huu.

Vichekesho.

Nilitoka nikiruka. Nilipofika njia panda nikamkumbuka shemeji.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeshindwa kula. Shemeji ameshona shati jipya la kesho. Baba wa mchumba wake, anasema, ni mtu mkali asiyependa mzaha. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mara tatu nikauliza habari za shati.

Nikionyesha kwa rangi, shemeji ataaibika, na posa itaota mbawa. Nikionyesha bila rangi, muhuri si wangu tena. Hata nikikaa kimya nimeumia!

Mchana nikaenda ukumbini kujaribu projekta. Mwalimu mkuu, mtu wa rula na saa, alinikabidhi rimoti na kuniambia nisiivunje. Nikaibonyezabonyeza. Ipo sehemu ya kupunguza rangi! Ukishusha mpaka mwisho, picha yote inakuwa nyeusi na nyeupe. Ukipandisha, rangi inarudi.

Akili ni nywele, na mimi leo nina nywele nyingi. Filamu itaanza kwa rangi, halali, na muhuri wake. Pambano likifika, nashusha. Likiisha, napandisha. Shemeji anabaki mwanamume, mwalimu mkuu hajui, na Mama Mkaguzi yuko ofisini kwake. Nani ataumia?

Nilimdokezea mke wangu kwamba kesho kila mtu atafurahi. Akanitazama, akasema mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Sijui anazungumzia nini. Labda ni habari za keki.

Jumamosi, 15 Juni

Sitaki, lakini nitaandika.

Ukumbi ulijaa. Mbele kabisa, wazazi wa mchumba. Baba mtu ana uso wa mlango uliofungwa. Shemeji kando yao, shati linameta. Baba mkwe yupo. Mke wangu yupo. Kamera Tatu amesimama nyuma, amekunja mikono, anasubiri nianguke. Nimeshika rimoti kwa mikono miwili.

Na taa zilipozimwa, mlango ukafunguliwa. Mama Mkaguzi! Na wajukuu zake, mstari mzima. Akanipungia mkono, akakaa safu ya pili.

Nikaificha rimoti nyuma ya mgongo.

Pambano likaanza. Nikashusha rangi. Ngumi ya kwanza, damu nyeusi, ukumbi ukabana pumzi. Baba wa mchumba akasogea mbele kwenye kiti, akatikisa kichwa kwa heshima. Shemeji akanyoosha mabega. Oh, raha! Kisha mjukuu mmoja akaanza kulia. Kichwa cha Mama Mkaguzi kikaanza kugeuka, polepole, kikinitafuta.

Nikapandisha rangi. Kakao! Watoto wakaangua kicheko. Mama Mkaguzi akarudi mbele. Lakini shemeji akageuka, na macho yake hayakuwa ya shemeji.

Nikashusha. Kilio. Nikapandisha. Kicheko. Nikashusha. Mtoto mmoja alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, ameshindwa kuchagua. Bibi mmoja akauliza kwa sauti kama wale watu wanauana au wanapaka keki. Jasho likaifanya rimoti iteleze. Shemeji amesimama, ananiashiria nishushe. Mama Mkaguzi amesimama, ananiashiria nipandishe. Wote wawili ni wakubwa kwangu kwa wakati ule! Nikabonyeza yote mawili, rimoti ikaniponyoka, ikaanguka. Picha ikaganda.

Iliganda kwa rangi. Kubwa, ukuta mzima. Shemeji amefumba macho, amejaa kakao, nyuki puani. Na kwenye kona, chini, nyuma ya kisigino chake, kopo. Bila rangi halionekani, kivuli tu. Kwa rangi lina mfuniko wa njano kama taa.

Ukumbi ulikuwa ukicheka bado niliposikia sauti ya mke wangu, siyo kali, ya kawaida tu: "Kopo langu lile."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwalimu mkuu aliwasha taa na kuokota rimoti yake, vipande. Mama Mkaguzi aliuchukua muhuri wake kwa maneno ambayo wajukuu hawakupaswa kuyasikia. Filamu haikufika mwisho. Baba wa mchumba aliinuka, akamtazama shemeji kuanzia juu mpaka chini, akauliza kama ile ilikuwa kakao ya kweli. Shemeji akasema ndiyo, mzee. Yule baba akatoka nje, na mlangoni tukamsikia anacheka peke yake, kicheko cha mtu asiyekizoea. Binti anasema hajamsikia akicheka miaka mingi. Posa inaendelea, kumbe. Lakini shemeji amesema mimi na yeye hatutasalimiana tena, labda kwa msiba.

Kamera Tatu aliniletea kofia niliyoisahau ukumbini. Hakunitania hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote.

Nyumbani mke wangu alifungia kamera kabatini, ufunguo akautia kwenye kanga. Nikamwambia nilitaka kila mtu afurahi. Akasema anajua, na kwamba hilo ndilo linalomchosha. Akaenda kuniletea aproni. Ilikuwa imepigwa pasi.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya kwanza kwa baba mkwe. Nimepewa msasa na mbao. Vumbi mpaka kooni. Nimesugua, nimejuta, nimesugua. Nimejiambia sinema basi, mimi sasa ni mtu wa kazi. Nilikuwa na amani kabisa mpaka saa sita.

Saa sita baba mkwe alifungua vanishi. Nyekundu, nzito, inateremka taratibu kwenye ubao. Hakuna sukari, hakuna nyuki! Na jua linapoingia mlangoni, ni damu tupu. Kosa langu halikuwa rangi wala kukosa rangi. Kosa langu lilikuwa kakao.

Simu inaenea vizuri sana kwenye mfuko wa aproni. Nikitoboa tundu dogo, hata lenzi inachungulia. Baba mkwe husinzia baada ya chakula. Shemeji yuko chumba cha nyuma anashona, bado haongei nami, lakini kila akimaliza kitambaa hulala ndani ya jeneza kupima kama kimekaa sawa. Anafumba macho kabisa.

Kwa sehemu niliyomwandikia, hahitaji kuongea.