Alichosema Bibi Enid Kutoka Chooni

Kitasa cha choo kilizunguka mara tisa, na hakuna aliyetoka.

Mimi mhudumu wa chai nilikuwa na birika mkononi, nikapita, kwa sababu siku hiyo Baraza la Mji wa Wexholme lilikuwa na jambo kubwa la kuutangazia ulimwengu: kuanzia sasa, lolote litakalosemwa litaandikwa kwa Kiingereza kamili cha kumbukumbu, yaani kama jambo lililokwishapita. Diwani akisema "nina njaa", iandikwe alisema alikuwa na njaa. Makofi.

"Nimekwama humu!" sauti ikapenya ukutani.

Alikuwa Bibi Enid Tattersall, miaka themanini na mmoja, aliyekuja kuulalamikia mlango huohuo wa choo. "Basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja, nyie!"

Mwenyekiti, Bwana Pickersgill, akamgeukia karani wake, Maureen. "Umeandika?"

"Alisema alikuwa amekwama, na kwamba mlango ulikuwa mbovu."

"Ulikuwa. Yaliyopita si ndwele. Tuwapongeze mafundi."

"Bado nimo, we bwege!"

"Andika: alisema bado alikuwamo."

Diwani mmoja akauliza kama bibi ni mzima. Maureen akasoma alivyoandika: diwani aliuliza kama marehemu, samahani, kama bibi alikuwa mzima. Wote wakasimama kimya dakika moja.

"Mbona kimya? Mmekufa?" akauliza Bibi Enid.

Nikaenda na kijiko cha chai, nikachokonoa kitasa mpaka kikaachia. Akatoka kama risasi.

"Asante, mwanangu. Hawa wangenizika na biskuti zao." Basi lake akaliwahi.

Bwana Pickersgill, baada ya vikombe vinne, naye akaenda chooni. Hakuwa na wasiwasi. Kumbukumbu zilionyesha ubovu ulikwisha. Kitasa kikaanza kuzunguka.

"Fungueni! Mimi ni mwenyekiti wenu!"

Maureen akaandika: alisema alikuwa mwenyekiti wao.

Madiwani wakatazamana kwa majonzi. Wakamshukuru kwa utumishi wake wa miaka kumi na saba, wakamchagua Maureen kwa kauli moja, wakavaa makoti.

"Vunjeni mlango! Nawafukuza wote!"

"Alikuwa mkali," diwani mmoja akasema, akijifuta machozi. "Lakini alikuwa na moyo."

Kwenye mlango wa nje, mwenyekiti mpya akanigeukia, ufunguo wa jengo mkononi. "Mpendwa, kuna mtu amebaki ndani?"

Mimi kusema mbele ya wakubwa siwezi. Nikatabasamu, nikaokota vikombe, akafunga.

Basi niseme leo: yumo.