Mulumba Hajazaliwa

Wote na wajue kwamba mwaka 1976, hapa Kolwezi, ofisi yetu ya ordinateur, kompyuta ya kampuni ya mgodi, ilimaliza tatizo la umri bila kutoboa tundu jipya hata moja. Programu ilidai miaka ya kila mfanyakazi, na fishi zetu, zile kadi za kutobolewa, zilikuwa na matundu ya jina tu. Citoyen Directeur Kalombo, mkurugenzi wetu, akaagiza: matundu yabaki yale yale, ila mashine iambiwe kwamba hiyo ni namba, si jina tena. Mimi Ngeleka, Chef wa Tafsiri ya Matundu, nikapiga muhuri.

Mashine ikatii. Mulumba, fundi umeme wetu wa mtaa wa Musonoi, akapata miaka milioni mia saba ishirini na tatu, chini ya sifuri. Yaani hajazaliwa. Na asiyezaliwa hakai nyumba ya kampuni.

Akaja mbio, kofia mkononi. "Tata Chef, mi niko na batoto saba! Banatoka wapi?"

"Waulize maternité, wodi ya wazazi," nilimjibu kwa huruma. "Hama kesho."

"Kesho? Bibi yangu, mama ya batoto, nitamupeleka wapi?" Machozi yakamlenga, jamani, nami nikamkopesha kalamu asaini.

Mama Mbelu, mtoboa fishi wetu, akaguna. "Chef, mule ndani tuliandika jina, na mashine huweka kila herufi kwa alama ya namba. Ukisoma jina kama namba, utaona maajabu."

"Agizo ni la wote."

"Ah bon. La wote." Akaingiza rundo zima, pamoja na fishi ya Directeur.

Loo! Directeur: milioni mia saba hamsini na tisa chini ya sifuri. Mimi: mia saba na nane. Kolwezi nzima haikuwa na mtu aliyezaliwa, isipokuwa fishi moja tupu iliyosahauliwa chini ya rundo. Mashine ina alama yake hata kwa nafasi tupu. Ikaisoma kama miaka zaidi ya bilioni moja.

"Futa agizo!" Directeur alifoka.

"Citoyen Directeur, nasikitika. Sahihi ya asiyezaliwa haifai. Mkubwa wetu sasa ni huyu." Nikaiweka fishi tupu kwenye kiti cha Directeur. Tukangoja neno la fishi mpaka saa sita mchana.

"Muilete hapa," alisema Mama Mbelu. Akaichomeka kwenye mashine yake ya kutoboa, ta-ta-ta: MULUMBA ABAKI KWAKE. WENGINE WAENDE MATERNITÉ.

Nikapiga muhuri. Mulumba akarudi Musonoi akiimba. Sisi tuko kwenye foleni ya maternité, na Directeur yuko nyuma yangu. Anajaribu kupenya, lakini namkatalia. Mi niko karibu zaidi kuzaliwa.