Zubery na Taa ya Mikono Huru

Siku Zubery alipomwona Mama Bushra ameng'ata simu, alijua riziki imemfuata mpaka miguuni.

Mama Bushra alikuwa fundi cherehani wa sokoni Mpanda. Kibanda chake kilibanwa kati ya ghala la mahindi na ukuta, mahali ambapo hata jua la saa sita huingia kwa kuomba ruhusa. Kila alipotaka kutunga uzi kwenye sindano, aliwasha tochi ya simu, akaing'ata kwa meno na kukunja uso. Mteja akimuuliza gauni litakuwa tayari lini, jibu lilikuwa "Mmh." Wengi walimwona wakamhurumia. Zubery alimwona akakumbuka boksi.

Boksi lilikuwa chini ya kitanda chake, mtaani Kawajense. Ndani yake mlikuwa na taa arobaini za kuvaa shingoni: mkanda laini unaokaa mabegani kama taulo la mtu aliyetoka kuoga, na kila ncha ina kitaa kinachomulika pale unapotazama. Taa zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mvua, iliyolowesha boksi zima likiwa juu ya lori, ndiyo maana Zubery alilipata kwa bei ya kutupa. Moja tu ilikuwa nzima. Zile thelathini na tisa, hata uzichaji usiku kucha, ziliwaka dakika kumi na tano, zikakonyeza mara mbili, zikafa.

Kwa mtu mwaminifu hiyo ingekuwa hasara. Zubery hakuwa na ugonjwa huo.

"Mama, toa simu mdomoni, utakuja kumeza laini," alisema kesho yake, akimvisha Mama Bushra ile taa nzima. "Hii inaitwa Mikono Huru. Huko nje madaktari ndiyo wanavaa. Mkono huu sindano, mkono huu uzi, na mdomo unabaki na kazi yake ya kusengenya."

Mama Bushra alitunga uzi kwa mara moja. Akatazama kitambaa kilichokuwa mapajani, akashtuka.

"Hee! Kumbe mishono yangu imepinda hivi? Na watu wanavaa, wananyamaza?"

"Mama, wanakuheshimu."

"Naitaka. Lakini nataka hii hii niliyovaa, siyo ya kwenye mfuko wako. Nyie watu nawajua."

"Hii hii, mama yangu."

Hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Mtu aliyekodolea macho mwanga mkali, ukimzimia ghafla, haoni kitu mpaka apepese mara tano. Zubery alihitaji mara tatu tu. Alizima, akaivua kwa adabu, akaipangusa kwa leso, na taa iliyorudi shingoni kwa Mama Bushra ilikuwa ndugu wa ile iliyotoka. Kwa wiki mbili akawaingiza mjini hivyo hivyo mafundi saa, wachambua mchele na mzee mmoja aliyependa kusoma magazeti ya zamani. Waliorudi kulalamika aliwaambia betri mpya huwa ina aibu, waipe muda iwazoee.

Lipo jambo moja ambalo Zubery hakulifanyia mzaha, nalo ni Ummy. Binti huyo aliuza vifungo na nyuzi mkabala na kibanda cha Mama Bushra, na Zubery alimpenda kwa dhati. Ushahidi ni kwamba hakuwahi kumuuzia taa. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Abuu, mfanyabiashara wa asali, ambaye alimpa mshenga wa Zubery sharti lisilokuwa na kona.

"Fedha mtu anaazima asubuhi, jioni anarudisha," alisema mzee. "Huyo kijana aniletee ndoo moja ya asali ya msituni. Nimeonja asali miaka thelathini. Ijumaa baada ya swala nikiikuta safi, tutaongea. Nikiikuta imechezewa, asikanyage tena mtaa huu."

Zubery alikosa usingizi. Maneno alikuwa nayo ya kujaza ndoo kumi, asali hakuwa nayo hata kijiko. Akamuuliza Ummy.

"Nenda kijijini Kabungu, ulizia Bi Nyanzala," Ummy alimwambia, akihesabu vifungo bila kuinua uso. "Asali yake haina mfano. Halafu anapenda sana vitu vipya."

Akatabasamu. Zubery aliona mapenzi ndani ya tabasamu lile, na yalikuwemo kweli, ila hayakuwa peke yake.

Bi Nyanzala alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya upole. Alimpokea Zubery kwenye stoo isiyo na dirisha, ambamo ndoo nyeupe zenye mifuniko zilipangwa mpaka ukutani. Zubery aliamkia, akakaribishwa kigoda, akaonja asali ya ndoo moja. Akachovya njiti ya kiberiti ndani yake, akaikwangua, ikawaka. Asali safi. Moyo ukamtulia, mkono ukaingia mfukoni.

"Mama, fedha ni mambo ya kizamani. Mimi nakupa mwanga."

Akamvisha ile taa nzima. Bi Nyanzala akavuta ungo wa mchele, akaanza kuchambua. Macho yalimng'aa kuliko taa.

"Jamani! Mawe yote haya tulikuwa tunakula sisi?"

"Taa mbili kwa ndoo moja, mama."

"Tatu. Moja ya jirani yangu, maana atanisumbua kuniazima."

Huyu ana tamaa, aliwaza Zubery kwa furaha. Kwake mtu mwenye tamaa alikuwa kama ndugu.

"Lakini mwanangu, hii niliyovaa ndiyo iwe yangu."

"Hii hii, mama yangu." Akazima, akavua, akapangusa, akamrudishia ndugu yake. Na nyingine mbili juu. Bi Nyanzala alipepesa macho, akashukuru sana.

"Sasa, kabla hujaondoka, nisomee karatasi hii ya dawa ya macho. Herufi zake kama sisimizi, na mimi mikono ina asali. Vaa ya kwako, yangu isije ikaisha chaji."

Ombi dogo la mama wa watu. Zubery alivaa taa yake, akaishika karatasi iliyokunjwa mara nane, akaanza kusoma. Ilikuwa ndefu. Ilitaja maradhi ambayo Zubery hakujua kama macho huyapata. Bi Nyanzala alikuwa nyuma yake anapangapanga ndoo na kuitikia, "Eeh, endelea, mwanangu, endelea." Nje ya ule mduara mweupe wa mwanga, stoo nzima ilikuwa giza kwa Zubery.

"Basi, zima," alisema mama hatimaye. "Ole wangu, nimekupaka asali shingoni. Leta hiyo taa nikupanguse."

Akamvua, akapangusa kwa kitenge, akamvisha tena. Zubery alipepesa mara tano. Ndoo yake ilikuwa pale pale, imefunikwa na kufungwa kamba. Akaipakia kwenye bodaboda, akarudi Mpanda akiimba njia nzima.

Ijumaa, sebule ya Mzee Abuu pale Majengo ilijaa wazee, mapazia yamefungwa kuzuia joto. Zubery aliingia na kanzu mpya, mshenga kando yake, na taa ikiwaka shingoni ili asali ionekane vizuri. Akahutubia. Alisifu nyuki, akasifu misitu, akasifu ukoo, akaeleza alivyotaabika, mpaka mzee mmoja akaanza kusinzia. Zilipita karibu dakika kumi na tano.

Mzee Abuu alifungua ndoo, akachota kijiko, akaonja. Akampa mshenga, naye akaonja, akatazama dari.

"Kijana," alisema Mzee Abuu taratibu, "hii ni sukari. Tena imechemshwa na majani ya chai ipate rangi."

Taa ya shingoni ikakonyeza. Zubery alikufahamu vizuri kukonyeza kule. Ikakonyeza tena, ikafa, na kwenye kile kigizagiza alijisikia ameishiwa na maneno kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea. Hakuifikiria asali. Alimfikiria Ummy, kwamba amempoteza, na kwamba hakuna wa kumlaumu.

Pazia la chumba cha ndani likafunguka, mwanga mweupe ukaingia. Bi Nyanzala alikuja polepole, taa shingoni, ndoo kwenye mkono mmoja na kijiko kwenye mkono wa pili. Nyuma yake alikuwa Ummy.

"Karibu, mkwe mtarajiwa," Bi Nyanzala alimwambia Zubery. "Kumbe ni kweli, mikono yote miwili inabaki huru."

"Huyu ni dada yangu," alisema Mzee Abuu. "Kwetu mwoaji hachunguzwi na baba. Anachunguzwa na shangazi, tena kabla hajajua kuwa anachunguzwa."

Zubery alimtazama Ummy. "Ulijua?"

"Mama Bushra amerudi kung'ata simu, Zubery. Kila siku namwona. Ulidhani sitauliza kwa nini?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akainamisha kichwa.

"Asali uliyoichagua ni hii," Bi Nyanzala alisema, akiweka ndoo miguuni pa kaka yake. "Ulichagua vizuri, sikatai. Itafunguliwa kwa jina lako siku watu wote uliowauzia watakaponiambia taa zao zinawaka. Hii niliyovaa nabaki nayo. Ni hii hii, si ndiyo?"

"Ndiyo hii hii, shangazi," Zubery alinong'ona, na hapo alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo ukipita sokoni Mpanda siku hizi, utamkuta kijana kwenye benchi kando ya Mama Bushra, akibadilisha betri moja baada ya nyingine, akiziunga kwa waya mwembamba kama unywele. Kibanda ni kile kile, chenye giza lile lile, na taa nzima iko Kabungu. Hivyo ameng'ata simu mdomoni, uso umekunjamana, wakati Mama Bushra, ambaye taa yake ilitengenezwa ya kwanza, anashona na kusengenya kwa pamoja.

Juzi Ummy alivuka njia, akasimama mbele yake.

"Zimebaki ngapi, Zubery? Shangazi anaulizia."

Zubery, ambaye Mpanda nzima hakuna swali lililowahi kumshinda, aliinua macho, akamtazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, akajibu, "Mmh."