King'ora cha Ambulensi na Betri ya Anatoli

Jumatatu, 8 Julai

Kijijini Simbo wote wanaisimulia vibaya habari hii. Wanasema jana nimeiba betri ya teksi ya mpwa wangu Anatoli. Mjomba haibi kwa mpwa, anachukua. Tena Anatoli yuko chini na malaria, teksi imelala, betri inakaa bure. Nimeazima mchana kweupe, na mama yake, mdogo wangu Leonia, ameniona. Alisema, kaka, irudi imejaa. Nikasema itarudi imejaa.

Sababu ni Oswald wa Mwandiga. Anakusanya taa za zimamoto na ving'ora vya zamani kama mimi, ila vyake takataka. Alikuja kusikiliza king'ora changu cha ambulensi, nilichokifungua mwenyewe kwenye gari lililoota majani. Nikakiunga kwenye betri hiyo, nikakipiga nusu saa. Kuku wa Kidahwe, kijiji cha jirani, walitaga kabla ya siku zao. Oswald akauliza, Mzee Erasto, hicho king'ora au mbuzi ana kikohozi? Wivu tu.

Jumanne, 9 Julai

Betri nimerudisha. Imekufa. King'ora kimeinywa yote. Kwa fundi wa kuchaji kulikuwa na foleni, na mtu kama mimi hapangi foleni. Nimeifunga mahali pake, nikafuta alama za vidole. Leonia akauliza kutoka jikoni kama nimeichaji. Nikamwambia imejaa mpaka inamwagika. Akacheka, akashika kifua. Presha, akasema.

Alhamisi, 11 Julai

Jana saa nne asubuhi Leonia alianguka jikoni. Anatoli akatoka kitandani anatetemeka, akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Gari la otomatiki hilo, hata ulisukume haliwaki. Jirani yetu Rozalia akapiga simu tatu kutafuta gari. Hakuna lililo karibu.

Tukamlaza kwenye mkokoteni wa Rozalia, ule wa kubebea madumu ya mawese. Mimi nikachukua king'ora changu kingine, cha kuzungusha kwa mkono, nikatangulia njia ya hospitali. Hapa wasinipunje sifa: njia yote ilipisha. Watu walishuka kwenye baiskeli, wakachungulia nyuma yangu kutafuta gari. Hakuna gari. Ni Anatoli anasukuma, anatapika, anasukuma. Leonia akainua mkono akaniambia, zungusha kaka, wasikie.

Kabla ya kufika lami alinyamaza. Niliendelea kuzungusha mpaka Anatoli akanishika mkono.

Jumamosi, 13 Julai

Tulimzika jana. Udongo wa Julai mgumu, sululu mbili zimevunjika mpini. Anatoli hasemi na mimi. Aliniuliza mara moja tu, mjomba, betri ilikuwaje? Nikamwambia betri za siku hizi hazina maisha. Akaniangalia sana. Nikaenda kupanga taa zangu.

Jumapili, 14 Julai

Oswald amekuja kutoa pole. Amelia vizuri kuliko mimi, nakubali. Halafu akaninong'oneza hapohapo matangani kwamba amepata taa ya buluu ya kuzunguka, kubwa kama sufuria ya harusi, na kwamba mimi sina ya kuifikia. Ninayo. Nitamnyamazisha Jumapili ijayo.

Anatoli amefunga betri mpya. Nitaiazima saa moja tu. Safari hii itarudi imejaa.

Jambo moja. Leonia hakusema zungusha. Hilo nimeliweka mimi. Pale kwenye mkokoteni aliniuliza kama kweli niliichaji betri. Nikamwambia ndiyo.