Mama Mkwe Dirishani Segera

Jumatatu, 14 Julai

Old Korogwe. Siku ya tatu kazini. Ya tatu! Faudhia yuko kwao Handeni tangu mwezi uliopita, na baba yake, Mzee Mbaruku, ametoa sharti mbele ya wazee wenzake: nikae mwezi mmoja kwenye kazi moja, ndipo mke arudi. Alizitaja kazi zangu zote kwa vidole. Vidole havikutosha. Nina miaka thelathini na sita, na hii ni ya kumi na nne. Niliona haya hata kunyanyua uso. Nilitazama mkeka mpaka nikaujua wote.

Ila hii ni nzuri. Steshenari ya Bwana Ponsiano, kutoa kopi na kuchapa barua. Wakwe nimewaambia ni ofisi. Si uongo, kuna kiti.

Habari ya daktari wa Tanga sijawaambia. Aliniuliza maswali asubuhi nzima, akaandika herufi nne, ADHD, akasema si uvivu wala si kurogwa, ni ubongo usiotulia mahali pamoja. Eti nitafute kazi yenye mwendo, yenye jambo jipya kila dakika. Yeye mwenyewe anashinda kitini! Karatasi yake nimeificha mahali salama. Sipakumbuki.

Jumanne, 15 Julai

Nimefukuzwa.

Mwalimu Hosiana alileta cheti chake cha ndoa kivishwe nailoni. Nikakitia mashineni. Papo hapo, huko nje, mlango wa nyuma wa lori la mbuzi ukafunguka. Mbuzi barabara nzima! Nikatoka kutazama, dakika moja tu. Nimekamata kumi na moja. Mwenye lori alinishika mkono kwa mikono miwili akaniita mtu wa maana. Niliporudi duka lilikuwa moshi mtupu na cheti kimejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisema taratibu kwamba mumewe alifariki mwaka juzi, na kwenye karatasi ile palikuwa na sahihi yake. Afadhali angenitukana. Nilitamani wale mbuzi wanikanyage.

Bwana Ponsiano kasema nichukue kofia yangu niende. Nikaenda. Kofia nimeisahau.

Jioni Faudhia kapiga simu kuuliza ofisi inaendeleaje. Nikasema vizuri sana. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya pili Segera. Ni mpaka nipate ofisi tu! Jirani yangu Bernadina anauza machungwa pale njia panda, mguu umemvimba, hawezi kukimbilia mabasi, basi namuuzia mimi. Natoka nyumbani na tai ili majirani waone. Nikifika Segera naivua, navaa fulana kuukuu na barakoa. Deogratius, muuza korosho, mtu wa kujiona sana, kaniuliza mbele za watu kama mimi ni daktari wa upasuaji au mwizi.

Nimemkomesha. Mabasi matatu yaliingia kwa mpigo. Arusha, Dar, Tanga! Mimi dirisha hili, mimi dirisha lile, huyu anataka yaliyomenywa, yule anataka ya mtoto, konda anapiga bodi, nami nimeshafika nyuma. Deogratius anahema tu na korosho zake. Chenji ya mtu hata mmoja sikuisahau. Mabeseni manne yaliisha kabla ya adhuhuri. Nilidhani ni saa tatu bado.

Bernadina kasema ana miaka kumi na tisa pale na hajaona mtu wa hivi. Kasema kazi hii nimezaliwa nayo. Nimeumia moyo. Mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, nizaliwe na kazi ya kukimbiza mabasi?

Ijumaa, 18 Julai

Ardhi ipasuke inimeze!

Basi la Handeni kwenda Tanga. Mkono ukatoka dirishani na noti. Nikaurukia, nikampiga Deogratius kikumbo, barakoa ikateremka kidevuni. Nikamwambia mwenye mkono kwamba mrembo kama yeye nampa na moja la nyongeza, ila kwanza aniambie kama ameolewa. Basi zima likacheka. Nikainua macho.

Mama Mwantumu. Mama mkwe wangu! Mama ambaye nikikutana naye njiani napisha hadi majanini na simtazami usoni. Nimemtongoza mbele ya abiria sitini!

Nikachutama kando ya tairi, nikaamkia shikamoo mama kutokea chini. Akaitikia marahaba. Basi likaondoka. Noti yake ninayo, machungwa yake ninayo! Nikakimbia na beseni kichwani kuficha uso, nikayarusha moja moja dirishani. Yaliingia yote.

Nimemrudishia Bernadina beseni lake. Nikajifungia choo cha stendi nikalia, tai shingoni.

Jumamosi, 19 Julai

Faudhia kapiga simu alfajiri. Nilijua ni talaka. Nikapokea nimesimama.

Kumbe mama yake kawapigia kutoka Tanga. Kasema tangu anioze binti yake hajaniona nikimaliza jambo hata moja, na jana kaniona nikikimbiza basi mpaka nikamaliza. Ule mzaha kasema hakuusikia, na mtu asimuulize. Mzee Mbaruku kacheka mpaka kakohoa, kafuta habari ya mwezi. Faudhia aje Segera kesho saa nne. Akinikuta kazini, ashuke na begi lake. Asiponikuta, arudi Handeni, na wasinione tena pale kwao.

Faudhia alikuwa akicheka kwenye simu. Sijamsikia akicheka tangu Idd. Nilijionea aibu kwa kila kitu nilichowahi kumfanyia.

Nimekwenda kwa Bernadina kuomba beseni. Kanipa, na kanipigia pasi ile fulana.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamka saa kumi na moja. Saa mbili niko stendi ya Korogwe, nimenyoa, nina haraka. Pale stendi kuna bwana anaitwa Eliasi, ana mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai yalikuwa yanapasuka palepale! Nikasema nitazame dakika tano.

Nimefika Segera saa nane.

Bernadina hakunitazama. Kasema Faudhia alishuka saa nne kamili na begi na sufuria zake mbili. Akakaa kwenye ndoo. Akamwuliza kila konda. Mabasi yalipozidi akainuka akamsaidia Bernadina kuuza. Saa saba akapandisha vyombo vyake basi la Handeni. Hata Deogratius hakunicheka. Alinisogezea ile ndoo nikae.

Nimerudi nyumbani. Sijala. Nimekaa kumwandikia ujumbe wa kumwomba radhi, kumweleza yote, hata ya daktari. Nimeandika "Mke wangu Faudhia." Hapo nikakumbuka sikumwuliza Eliasi vifaranga wanakula nini. Nikampigia. Tumezungumza saa nzima, mtu mwema sana. Kumbe mashine kubwa iko Magoma, ya mayai mia tano, na anatafuta mtu mtulivu wa kukaa nayo ndani siku ishirini na moja bila kutoka. Nimemwambia mtu huyo ndiye mimi.