Jibu Lenye Alama ya Kutoa

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa koti. Ila siwezi kuanzia leo. Lazima nianzie kwenye kengele ya shule.

Nilipokuwa darasa la pili, mwalimu alinikabidhi chuma cha kugongea kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori, imening'inizwa kwenye mti. Nikawa nalala na kile chuma. Siku ya tatu njaa ikanishika, nikagonga ya kwenda nyumbani wakati jua la asubuhi bado liko upande wa Biharamulo. Shule nzima ikatawanyika. Kesho yake chuma akapewa mwingine. Nikatoka mlangoni kwenda kuchunga mbuzi, na mpaka leo sijarudi. (Mkiona herufi zimekosewa, ndiyo sababu. Nyamazeni.)

Tangu hapo sijakabidhiwa kitu. Hata enzi za kambi ya wakimbizi ya Benaco, wakati kila mtu ana kazi ya kushika bomba au kalamu au ufunguo, mimi niliambiwa nisubiri pembeni.

Sasa kanisa letu la kigango hapa Nyamiaga limepata sola. Kamati ikawa inatafuta mtu wa kukaa na ufunguo wa stoo ya betri. Tukabaki wawili: mimi, na Masanja, Msukuma aliyehamia kutoka Nyakahura, anayechaji simu za watu sokoni. Masanja haongei. Nikaona huyo nimeshamshinda.

Halafu mimi nina mwalimu. Mjukuu wangu Evodia anasomea umeme chuo kikuu, yuko likizo, na ana mtihani wa kurudia wa somo la kuchambua saketi. Anasema ukimweleza asiyejua, somo linakukaa. Asiyejua ni mimi. Wiki mbili tumeshinda jikoni, anachora kwa mkaa ukutani. (Bibi yenu amenuna mpaka leo.)

Siku moja alichora njia ya umeme inagawanyika mara tano. Akasema, "Babu, mkondo unaoingia kwenye njia panda ni sawa na jumla ya inayotoka."

Nikamwambia, "Huo si mtungi wa pombe ya ndizi? Mirija mitano, vinywa vitano. Mkijumlisha mlichokunywa wote, ndicho kilichotoka mtungini. Mwenye kubisha amelewa."

Akaandika kwenye daftari lake. Daftari la chuo kikuu, limeandikwa maneno yangu!

Ila kilichoniponza ni mshale. Kabla ya hesabu unachora mshale wa kuonyesha umeme unakwenda wapi. Nikamuuliza nitajuaje.

"Hujui, babu. Chora upande wowote. Ukikosea, jibu litakuja na alama ya kutoa. Hapo unajua tu kwamba unakwenda kinyume."

"Hakuna fimbo?"

"Hakuna fimbo."

Miaka yote hii sijakutana na elimu yenye adabu namna hiyo. Ningefundishwa hiyo badala ya kengele, leo ningekuwa mbali.

Basi leo baada ya ibada, katekista akatuita mbele. Kazi ilikuwa ndogo: funga betri kwenye amplifaya ya kwaya, iongee. Mzee aanze. Nikasogea na koti langu. Nyaya mbili, zote nyeusi.

Masanja akatoa kipimo chake mfukoni, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Mzee wangu, pima kwanza ujue chanya ni ipi."

Nikacheka. Nikawageukia watu, nikawapa mtungi na mirija, wakafurahi sana. Nikawapa na mshale. Nikasema, "Masanja mwanangu, wa sokoni mnapima. Chuo kikuu tunachagua upande wowote. Tukikosea, jibu linakuja na alama ya kutoa, basi."

Nyuma kabisa nikamwona Evodia anasimama, mkono juu. Nikadhani ananipongeza.

Nikafunga.

Ikalia *tap*. Kikatoka kimoshi chembamba, kikapanda polepole mbele ya altare kama ubani. Kwaya ikakifuata kwa macho. Katekista akafanya ishara ya msalaba. Shemeji yangu Yustina, ambaye hajawahi kunyamaza, akauliza kutoka benchi la kwanza:

"Shemeji, jibu limekuja na alama gani?"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Evodia akawa amefika, ananong'ona, "Babu, mshale ni wa kwenye karatasi. Betri haijui kutoa."

Masanja yeye hakucheka. Alipiga goti, akafungua amplifaya nyuma, akachomoa fyuzi iliyoungua, akatia nyingine aliyokuja nayo mfukoni. (Alikuja nayo! Alinijua tangu nyumbani.) Akapima, akageuza nyaya zangu. Katekista akamwekea ufunguo mkononi, bila hotuba.

Nikachukua kofia. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, taratibu, kama mtu anayekwenda kutazama mvua.

Nimefika kwenye migomba ya kwa Yustina, spika ikawaka. Sauti ya katekista ikaruka bonde zima: "Mzee Laurenti yuko wapi? Mzee Laurenti, rudi, watu wanataka kusikia tena ile ya mtungi."

Nimeisikia neno kwa neno. Amplifaya iko vizuri kabisa, hongera Masanja.

Sikugeuka. Kuanzia Jumapili ijayo nasali kigango cha ng'ambo ya mto. Huko wanatumia mishumaa.